Kutangaa na Kutangazwa: Mazoezi ya Hadhara katika Kumbi za Jamii

Katika Kiswahili habari yaweza kutangaa, tena yaweza kutangazwa. Vitenzi hivi ni ndugu wa shina moja, walakini havina kazi moja. Katika kutangazwa yuko mtangazaji, hata kama jina lake halikutajwa: sarufi humwekea mahali pake baada ya neno "na", na msikilizaji ana haki ya kuuliza, "Imetangazwa na nani?" Katika kutangaa mahali hapo hapapo. Hakuna asemaye kuwa habari "imetangaa na fulani". Habari iliyotangaa imepita vinywani mwa watu hata kila aliyeisikia akawa na sehemu katika kuisambaza, wala haina mwenyewe mmoja. Tofauti hii, ambayo darasani hufundishwa kwa dakika chache pamoja na mifano miwili mitatu, yafaa kutolewa nje ya darasa na kutumiwa katika uhakiki wa sanaa za maonyesho. Mchezo wa kuigiza au muziki unaongojewa katika ukumbi wa jamii nao huwa ama umetangaa, ama umetangazwa tu. Na namna watu watakavyoupokea hutegemea sana ni lipi kati ya mambo hayo mawili lililotangulia.

Uhakiki wa kawaida huanza pazia linapofunguliwa. Yaliyotangulia, yaani mazoezi, mabango, na maneno ya barazani, huhesabiwa kuwa shughuli za mafundi na za wauza tiketi. Katika ukumbi wa kibiashara huenda mgawanyo huo ukafaa. Katika ukumbi wa jamii haufai. Huko mazoezi ndiyo tangazo la kwanza, tena ndiyo tangazo la kweli. Na pale ambapo mazoezi yamefungiwa ndani, tangazo la maandishi hulazimika kuazima maneno ya sifa ili kuziba pengo lililoachwa wazi.

Neno "mazoezi" lenyewe laelekeza huko. Latokana na kuzoea, ambalo ni jambo limpatalo mtu kidogo kidogo kwa kurudiwarudiwa. Kuna kuzoea njia, kuzoea kazi, na kuzoea watu. Aghalabu hudhaniwa kuwa anayezoea katika mazoezi ni mchezaji au mpiga ala peke yake. Lakini kitenzi chenyewe hakimtengi mtu. Palipo na mlango wazi, mpita njia naye huzoea. Mtoto aliyeketi dirishani huzoea. Mama aliye jikoni katika nyumba ya pili husikia ubeti mmoja jioni tatu mfululizo, na siku ya nne akauimba kabla ya mwimbaji. Hapana budi kuongeza tahadhari ambayo kila mwanaisimu aijua: asili ya neno si ushahidi wa mambo yenyewe, wala watu hawatendi kwa kufuata viambishi. Neno laweza tu kuonyesha mahali pa kutazama. Ushahidi wapaswa kutafutwa katika kumbi.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote katika Afrika Mashariki ni wa Kamiriithu. Kijiji hicho, karibu na mji wa Limuru nchini Kenya, kilizaliwa katika miaka ya hali ya hatari, miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilipowakusanya watu katika vijiji vilivyolindwa. Miaka ishirini na zaidi baadaye wengi wa wakazi wake walikuwa vibarua wa mashamba, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu, na watu wasio na ardhi wala kazi ya kudumu. Walikuwa na kituo chao cha elimu na utamaduni, ambamo watu wazima walijifunza kusoma na kuandika. Na katika masomo hayo yakatoka matakwa ya kuwa na mchezo wa kuigiza. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakapewa kazi ya kutunga. Kimani Gecau akauongoza. Mchezo huo, Ngaahika Ndeenda, uliandikwa kwa Kikuyu, na wasomaji wa Kiswahili waujua kwa jina la Nitaolewa Nikipenda.

Yaliyofuata yameelezwa na Ngũgĩ wa Thiong'o mwenyewe katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986. Mazoezi ya mwaka 1977 yalifanywa mahali pa wazi, siku za mwisho wa juma, mbele ya yeyote aliyependa kuja. Waliokuja hawakunyamaza. Wazee walisema kwamba mzee fulani katika mchezo hasemi kama mzee. Wafanyakazi walisahihisha habari za kazi na za mishahara, kwa kuwa wao ndio walioyajua mambo hayo. Wajuzi wa nyimbo na sherehe za kale walionyesha jinsi zilivyofanywa. Wakati huohuo wanakijiji walijenga wenyewe ukumbi usio na paa, wenye jukwaa na nafasi za watu zaidi ya 2,000. Basi mchezo ulipofunguliwa mwezi wa Oktoba 1977, watu hawakuja kuonyeshwa jambo jipya. Walikuja kutazama kazi waliyoijua, ambayo baadhi ya maneno yake yalikuwa yao.

Hapa pana tofauti kubwa na desturi ambayo Ngũgĩ aliipinga, ya kujifungia ndani wakati wa mazoezi na kuwatokea watu siku ya kwanza na kazi iliyokwisha kukamilika, ili wastaajabie ukamilifu wake. Mwenye kustaajabu hana la kusahihisha, wala hakuna aliyemwomba asahihishe.

Mamlaka hazikukawia kuitambua tofauti hiyo. Katika mwaka huohuo wa 1977 ilitoka riwaya ya Ngũgĩ ya Kiingereza, Petals of Blood, ambayo haikuwa na upole wowote kwa wenye mali na wenye vyeo. Hata hivyo waziri wa serikali alishiriki katika uzinduzi wake. Mchezo wa Kikuyu ulinyimwa kibali tarehe 16 Novemba, baada ya majuma machache tu ya kuonyeshwa, na tarehe 31 Desemba mwandishi akakamatwa na kuwekwa kizuizini hadi Desemba 1978. Kwa kawaida jambo hili huelezwa kwa kutaja lugha: riwaya ilikuwa katika lugha ya wachache, mchezo katika lugha ya wengi. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Kitabu kilichoandikwa kwa Kikuyu kingeweza kukusanywa madukani. Mchezo uliokuwa umetangaa kwa mazoezi ya miezi kadhaa haukuwa na duka la kukusanyiwa.

Jambo hilo lilidhihirika zaidi mwaka 1982. Kundi la Kamiriithu lilikuwa limetayarisha mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra, wenye nyimbo za lugha mbalimbali za Kenya, na lilikusudia kuuonyesha katika Ukumbi wa Taifa mjini Nairobi. Lilipofika likakuta milango imefungwa. Likaenda kufanya mazoezi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na watu wakayafuata mazoezi hayo kwa maelfu, mpaka nayo yakakatazwa. Mwezi wa Machi mwaka huohuo kituo cha Kamiriithu kilipigwa marufuku, na polisi wakaenda kuubomoa ukumbi. Kwa hiyo mchezo huo haukupata siku ya ufunguzi ulioruhusiwa, na hata hivyo maelfu ya watu waliuona. Mhakiki asubiriye pazia lifunguliwe hana la kusema juu ya Maitũ Njugĩra, kwa sababu uhai wake wote ulikuwa katika mazoezi.

Yawezekana kudai kwamba Kamiriithu ni kisa cha pekee, kilichotokana na siasa na kufishwa na siasa, na kwamba kanuni ya uhakiki haifai kujengwa juu ya kisa kimoja. Dai hilo lina haki ya kujibiwa kwa mfano wa mahali pengine, ambapo hapakuwa na nadharia wala azimio la mtu yeyote. Mfano huo wapatikana Unguja, katika vyama vya taarabu.

Ikhwani Safaa ni chama cha tangu mwaka 1905. Culture Musical Club, ambacho chanzo chake ni cha mwaka 1958 katika umoja wa vijana wa chama cha Afro-Shirazi, kilipata jina lake la sasa baada ya mapinduzi ya 1964. Vyama hivi vimedumu kwa sababu nyingi, na miongoni mwa hizo ni kuwa na nyumba. Nyumba ya chama katika mji wa mitaa myembamba si mahali pa siri. Jioni ya mazoezi sauti ya fidla, ya kanuni na ya ngoma hutoka dirishani, na njia yote husikia wimbo ukivunjika katikati, ukirudiwa, na kurekebishwa. Siku kuu ya Idi inapokaribia, mtaa hupata fununu ya nyimbo zitakazotolewa. Hakuna aliyekusudia kuwazoeza majirani, majirani wamejizoelea.

Matokeo yake huonekana siku yenyewe katika desturi ya kutunza. Mtu huinuka kitini, akaenda mbele taratibu, akampa mwimbaji fedha, na kurudi. Lakini haendi wakati wowote. Huchagua ubeti, na huchagua mstari, kwa kuwa maneno ya mstari ule yamsemea jambo lake mwenyewe mbele ya mtu fulani aliyemo ukumbini. Kutunza kwa namna hiyo ni kusoma, tena ni kusoma kwa hadhara. Mgeni aliyeusikia wimbo mara ya kwanza aweza kutoa fedha kwa kupendezwa na sauti. Hawezi kuinuka kabla ya mstari kufika. Anayeinuka kabla ni yule aliyezoea.

Papo hapo huzuka pingamizi zito zaidi. Sanaa ya kujibizana kwa nyimbo, ambayo ni ya kale katika pwani nzima na ambayo imeshamiri katika mashindano ya vyama, hutaka siri. Wimbo wa jibu ukijulikana mapema hupoteza makali, na washindani watakuwa wamekwisha kutunga jibu la jibu. Je, hapa mazoezi ya hadhara hayatakuwa adui wa sanaa? Jibu ni kwamba kinachofichwa katika kujibizana ni maneno ya jibu, si ugomvi wenyewe. Ugomvi umetangaa zamani. Kila aliyemo ukumbini ameujua wimbo uliochokoza, amemjua aliyechokozwa, na amekuja ili asikie yatakayosemwa. Siri ndogo ya jibu hufaa kwa sababu imewekwa ndani ya ujuzi mkubwa wa watu wote. Palipo na siri tupu isiyotanguliwa na ujuzi, hapana makali yoyote, pana watu wanaoulizana, "Anamsema nani?"

Dar es Salaam ilitoa namna ya tatu. Vikundi vya sanaa vya miaka ya 1980 na 1990, mathalani Muungano Cultural Troupe kilichoanza mwaka 1980 na Tanzania One Theatre kilichoanza mwaka 1992, viliweka katika usiku mmoja ngoma, sarakasi, vichekesho, mchezo wa kuigiza na taarabu. Wasomi wengine waliona mchanganyiko huo kuwa upungufu. Walakini michezo yao ya kuigiza, ambayo mara nyingi haikuwa na mswada ulioandikwa, ilikua kwa kupelekwa ukumbi baada ya ukumbi: mzaha usiochekesha Temeke haukufika Magomeni, na neno walilolishangilia watu likaongezwa urefu. Hapo mpaka kati ya mazoezi na onyesho ulikuwa umefutika. Kila onyesho lilikuwa zoezi la lile lililofuata, na hadhira ya jana ilikuwa mshauri wa hadhira ya kesho bila ya kujua. Ushauri huo haukuwa mwema siku zote. Hadhira yaweza kulea mzaha mchafu kama iwezavyo kulea mzaha mzuri, na kundi litafutalo makofi peke yake huishia kuyafuata. Basi hadhara si dawa ya kila kosa. Ni sharti la sanaa ya jamii, na sharti si utoshelevu.

Kwa kipimo hiki yafaa kuyatazama matamasha ya siku hizi, na Ngome Kongwe ya Unguja ni mahali pa haki pa kuyatazama. Ndani ya kuta hizo, zilizosimamishwa na Waomani baada ya kuondoka kwa Wareno, leo pana ukumbi wa wazi ambamo sanaa za nchi nyingi zimeonyeshwa. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, limewapandisha jukwaani wanamuziki ambao bila ya hilo wasingesikika pamoja. Sifa hiyo haiwezi kukanushwa. Hata hivyo tamasha lililojengwa juu ya ratiba, ya makundi yatokayo mbali na kufika siku chache tu kabla ya kupiga, haliwezi kuwazoeza watu wa mahali. Laweza tu kuwatangazia. Mwaka 2016 fedha zilipokosekana, tamasha halikufanyika. Jambo lililotangazwa husita mtangazaji anaposita.

Waandalizi wenyewe yaelekea wameuhisi upungufu huo, maana tamasha hufunguliwa kwa maandamano ya ngoma na beni yapitayo mitaani kabla ya watu kuingia ngomeni. Maandamano hayo mara nyingi huelezwa kuwa pambo. Sivyo. Ndiyo sehemu pekee ya ratiba ambayo haina tiketi wala mlango, na ambayo mtoto wa mtaani aweza kuifuata akiwa mshiriki. Ni kutangaa kwa saa chache, kabla ya siku kadhaa za kutangazwa.

Lugha ya matangazo yenyewe yathibitisha haya. Tangazo la onyesho lijalo, liwe la bango, la redio au la simu, limekwisha kuwa na msamiati wake: onyesho ni "kabambe", ni "la aina yake", ni "si la kukosa". Sifa hizi zina tabia moja: hakuna hata moja isemayo jambo lolote juu ya mchezo wenyewe. Haziwezi kusema, kwa sababu msomaji hana anachokijua cha kukumbushwa. Mahali ambapo kazi imetangaa, tangazo lahitaji maneno matatu tu, yaani siku, saa na mahali. Mengine watu wanayo.

Kisha hufuata mwisho wa desturi: "Wote mnakaribishwa." Kauli hii ni ya adabu, na hakuna anayeitilia shaka. Lakini mwanasarufi aona ndani yake umbo lilelile la "kutangazwa". Kuna mtendwa aliyetajwa na mtenda asiyetajwa: ni nani akaribishaye? Na akaribishwaye ni nani kama si mgeni? Katika desturi za Waswahili mtu wa nyumbani hakaribishwi. Huambiwa tu kwamba chakula ki tayari. Ukumbi ulioitwa wa jamii, ambao kila juma huikaribisha jamii, umekiri pasipo kukusudia kwamba mwenye nyumba ni mwingine.

Haifai kusahau gharama ya njia iliyotetewa hapa. Mazoezi ya hadhara hutaka muda, na muda wa wachezaji wasiolipwa una kikomo. Hutaka mwongozaji awezaye kusikia kosa lake likitajwa na kibarua au mwuza mboga, naye asione haya wala asibadilishe kila kitu kwa kuwaridhisha. Kisa cha Kamiriithu chaonyesha pia kwamba kilichotangaa kwa rafiki hutangaa hata kwa asiyependa. Kundi lijifungialo laweza kujilinda kwa kuta. Kundi lililo wazi lina ulinzi mmoja tu, wa watu walioizoea kazi yake na kuihesabu kuwa mali yao. Mwaka 1982 ulinzi huo haukutosha kuukinga ukumbi wa Kamiriithu usibomolewe.

Kwa wachunguzi wa Kiswahili jambo hili lina sehemu yake ya pekee. Tamthilia za Kiswahili hufika mikononi mwa wanafunzi zikiwa vitabu, hufafanuliwa kama vitabu, na nyingi miongoni mwake husomwa shule nzima bila ya sauti moja kupandishwa jukwaani. Chapa hulitunza neno moja na kuyaacha mengine yaliyojaribiwa. Ndiyo maana mchunguzi aendaye ukumbini hufaidika zaidi akienda mapema: si juma la onyesho, bali miezi miwili kabla yake, akiwa na daftari, akaandika mstari ulivyosemwa siku ya kwanza, nani aliupinga, kwa hoja gani, na ulisemwaje baadaye. Kumbukumbu za namna hiyo zingeonyesha lahaja zikishindana ndani ya sentensi moja, na zingeonyesha watu wasioitwa wasanifu wakisanifu lugha. Nyumba za vyama vya Unguja bado zina jioni za mazoezi, na madirisha yake hayajafungwa.